Msusi wa Vichwa Vitulivu

Dada Kitana alikuwa na pua ya kazi. Mteja akiketi tu, kabla hajafungua hata kilemba, yeye alishajua: huyu analala na nywele mbichi, huyu amepaka dawa ya kunyoosha juu ya kidonda, huyu ana mapunye na anayafunika kwa marashi. Miaka kumi na tisa ya kusuka ilimfundisha kupumua kwa mdomo huku anatabasamu. Usidhani ni rahisi. Jaribu.

Kwa hiyo alipoitwa kufanya kazi katika Taasisi ya Ubongo, Pumzi na Roho, aliamini duniani hakijabaki cha kumtia kinyaa. Masikini.

Taasisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa, kwenye ukumbi uliokuwa ukiuza magodoro. Magodoro yalihama, vumbi lake likabaki, na juu ya vumbi wakatandika zulia la rangi ya maziwa, na juu ya zulia zikakanyaga nyayo tupu themanini kila jioni, za watu waliotoka kazini na viatu vilivyofungwa tangu alfajiri. Halafu wakachoma ubani. Ubani hauondoi harufu ya miguu. Unaipa heshima tu. Mlangoni kulikuwa na kibao: JIJUE. TAASISI ISIYO YA FAIDA. Ukikaa humo siku mbili, sehemu ya pili ya kibao unaikubali bila ubishi.

Walimhitaji kwa sababu ya mashine. Taasisi ilipata kofia ya mpira yenye vifungo thelathini na viwili vya chuma, ya kusomea mawimbi ya ubongo, na kila kifungo sharti kiguse ngozi ya kichwa. Aliyeitengeneza kofia ile hakuwahi kuona nywele zilizosukwa maishani mwake. Mwezi mzima Mpimaji, kijana wa miwani aliyekuwa akitengeneza kompyuta kabla hajaitwa na roho, aliibandika kofia juu ya misuko ya watu kama mtu anayefunika sufuria iliyojaa kupita kiasi. Mwishowe mtu mmoja mwenye akili akasema: tafuteni msusi.

Kazi ikawa kufumua, kuchambua, kufuta mafuta, kupaka jeli ya baridi kila kinapokaa kifungo, na baada ya hapo kuosha kofia. Kuosha kofia ndiko kulikompunguzia Dada Kitana hamu ya kula. Jeli ilikuwa inatoka na mba, na vinywele, na jasho la mtu aliyekaa saa nzima akijitafuta ndani na kupata joto.

"Adui zetu wawili, dada," Mpimaji alimwambia siku ya kwanza. "Mafuta na nywele bandia. Kifungo kisipogusa ngozi, mashine inapokea makelele matupu."

"Na makelele hayo mnayapeleka wapi?"

"Programu inayachuja. Unabaki mstari laini."

"Na mstari laini maana yake nini?"

"Utulivu wa ndani," alisema Mpimaji, bila hata kupepesa.

Dada Kitana alimtazama. Alingoja acheke. Kijana hakucheka, akaenda kuchomeka waya.

Vikao vilikuwa vya aina tatu. Kulikuwa na Kikao cha Pumzi, ambapo watu arobaini walitoa pumzi kwa pamoja kutoka chini kabisa ya tumbo, na madirisha yamefungwa ili nguvu isitoroke. Kulikuwa na Kikao cha Kuwapo, ambapo mlikaa mkigundua kuwa mpo. Na kulikuwa na Kikao cha Kuachilia. Kila mtu alipewa ndoo ndogo ya plastiki, akaambiwa aitemee hasira zake zote tangu utotoni. Wapo waliotema kistaarabu. Wapo waliokohoa kwanza, wakavuta kutoka mbali. Ndoo hizo nani alizimwaga? Msusi. Kwa vile mikono yake, walisema, tayari ilishazoea watu.

Hata salamu ya pale ilikuwa adhabu.

"Upo, dada?"

"Sasa nisingekuwapo ungemuuliza nani?"

Juu ya yote alikaa Mlezi. Ndivyo alivyotaka aitwe mwanzilishi wa Taasisi, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembelezea mtoto anayesubiri kuchomwa sindano. Ukutani nyuma ya kiti chake ulitundikwa mchoro mkubwa wa mawimbi ya ubongo wake, mstari mmoja laini kama maji ya beseni. Chini yake waliandika: KICHWA NAMBA MOJA. Hakuna aliyewahi kupimwa akaufikia. Wageni walisimama mbele yake na kushusha pumzi.

Dada Kitana hakuwahi kukishika kichwa hicho. "Changu nakiandaa mwenyewe," Mlezi alimwambia, akasogea nyuma hatua moja. Hatua hiyo ilitosha. Mwanamke anayemkimbia msusi ana jambo. Wiki ya pili jua la dirishani lilimpiga Mlezi pembeni ya paji, na Dada Kitana akaona ukingo wa wavu, gundi iliyokauka kama kamasi ya mtoto, na ule mng'ao wa nailoni ambao nywele iliyoota kwa mtu haina. Wigi. Tena ya bei ya kati, aliwahi kuziuza mwenyewe. Alikumbuka: nywele bandia, makelele, chujio, mstari laini. Akatazama mchoro ukutani. Watu wazima, wenye kazi zao na mikopo ya nyumba, walikuwa wanafumba macho kuomba wafanane na nailoni.

Akanyamaza. Alipata kazi ya kudumu kwa mara ya kwanza maishani, na mba ya tajiri si mbaya kuliko mba ya masikini. Angeendelea kunyamaza mpaka leo, kama Kitinda asingepanda ngazi zile.

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitinda mimba hasa, miaka ishirini na minne, mwenye kazi katika duka la fotokopi. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka kumi, na mwaka uliofuata kifafa kikaanza. Dada Kitana alimlea na kukilea na chenyewe. Alijua kona zote za meza zilizowahi kumpasua mdogo wake; kovu la kila kona alikuwa akilipitishia chanuo taratibu. Vidonge viwili kila siku, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kwa miaka mitatu Kitinda hakuanguka hata mara moja.

Siku hiyo alileta tu funguo za nyumba ambazo dada yake alizisahau. Mpimaji, aliyekuwa hana kichwa cha kujaribia kifaa kipya, akamwomba akae dakika kumi. Kitinda akakaa. Hata nusu ya dakika hizo haijaisha, Mpimaji akaruka.

"Mlezi! Njoo uone! Radi!"

Kwenye kompyuta mawimbi yalikuwa yanachomoka juu yenye ncha kama miiba. Muuguzi yeyote wa zahanati angejua ni nini. Kulikuwa na duka la dawa chini ya sakafu ile ile, na yule wa kaunta angejua. Mlezi aliangalia, akaweka mkono kifuani, akapiga magoti mbele ya Kitinda.

"Mwanangu. Nani alikudanganya kwamba unaumwa?"

Dada Kitana, mikono imejaa jeli, alisema, "Daktari."

Hakuna aliyemsikia.

Basi Kitinda akawa Binti Radi. Alipewa mtandio mweupe na mto wa mbele. Watu waliomba kumgusa mabega. Picha yake ikatundikwa ukutani, upande wa kulia wa mchoro wa nailoni. Msichana ambaye tangu shuleni alitengwa kwenye benchi lake, ambaye mchumba wake wa kwanza alitoroka baada ya kuona povu mara moja tu, sasa aliulizwa maoni yake na watu wenye magari.

Nyumbani alianza kutembea polepole.

"Umekunywa dawa?"

"Nipo, dada."

"Sikukuuliza kama upo. Nimeuliza dawa."

"Nimekunywa."

Jumapili mchana, Dada Kitana akiwa anapiga pasi, alisikia mshindo chumbani. Alimkuta Kitinda kati ya kitanda na kabati, mwili unamruka, kisigino kinapiga mlango wa kabati ta-ta-ta-ta. Alimlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akangoja. Miaka mitatu. Alipoinua godoro baadaye akakuta vidonge vya siku tisa, vimepangwa kwenye karatasi ya fotokopi kwa unadhifu.

Lakini si vidonge vilivyomtisha. Kitinda alipozinduka, amejilowesha, ulimi umechanika, mate mekundu yanachuruzika kidevuni, alimtazama dada yake na kutabasamu.

"Umeona?" alisema kwa shida. "Imekuja yenyewe. Sijaiita."

Jumatatu Dada Kitana aliingia ofisini kwa Mlezi bila kuvua viatu.

"Mama, mdogo wangu ni mgonjwa. Mwambieni ameze dawa. Mimi hanisikii, nyie atawasikia."

Mlezi alifumba macho, akayafumbua. "Hasira yako hiyo ina rangi gani, Dada Kitana?"

"Nyeupe. Mviringo. Asubuhi moja, jioni moja."

"Vidonge vinazima taa iliyo ndani yake."

"Vinazima kuanguka! Jana kajing'ata ulimi!"

"Kuzaliwa kokote kuna damu," alisema Mlezi, na kwa namna alivyosema ungejua ameshaitumia sentensi hiyo mahali pengine ikapigiwa makofi. "Ijumaa wafadhili wanakuja. Kitinda atakaa mbele yao na tutaiamsha radi yake kwa taa. Ni mtu mzima. Ametia sahihi mwenyewe."

Taa yenyewe ilikuwa pembeni, bado ndani ya boksi. Mpimaji alimwonyesha kwa furaha: taa ya kumbi za muziki, ile inayowaka na kuzima haraka mpaka watu wanaonekana wanacheza vipande vipande. Jambo la kwanza daktari alilowaambia miaka kumi na mitatu iliyopita lilikuwa hilo: huyu mtoto msimweke karibu na taa za namna hiyo.

"Mtamwua," alisema Dada Kitana.

"Hapana, tuna utaratibu," Mpimaji akamtuliza. "Taa haiwashwi hivi hivi. Kwanza radi ionekane kwenye mchoro, ndipo taa iitikie. Isipoonekana, hatuwashi. Ni sayansi, dada."

Kwa siku nne alijaribu yote. Alimbembeleza Kitinda, akamfokea, akalia. Kitinda alimjibu kwa sauti ya Mlezi, ile ile ya sindano. "Nakupokea, dada. Nakuona." Dada Kitana alitamani kumzaba kofi, akaenda kufua.

Ijumaa asubuhi Kitinda mwenyewe akaja na kigoda, akakaa katikati ya magoti ya dada yake kama alivyokaa tangu mtoto.

"Nisuke vizuri leo. Kutakuwa na kamera."

Dada Kitana aliweka chanuo chini. Halafu akanyoosha mkono, akachukua kopo la mafuta mgando, lile kubwa.

Alipaka. Hakupaka kama anavyopaka mtu. Alipaka kama anayesiliba ukuta. Mstari kwa mstari, ngozi yote ikazama. Akasuka mistari ya kubana, akaweka wavu, akatoa fungu la nailoni nyeusi na kuanza kushona kwa sindano na uzi, duara juu ya duara.

"Mbona mafuta mengi hivyo?"

"Taa za kamera zinakausha."

Miaka kumi na tisa hakuwahi kukidanganya kichwa. Wateja aliwadanganya, ndiyo, umependeza, imekutoa kweli kweli. Lakini kichwa chenyewe, mkono kwenye ngozi, hapana. Alijichukia kidogo, akaendelea kushona. Kitinda akaegemeza shavu kwenye goti lake.

"Dada, unajua wananiita kwa jina gani kule?"

"Najua. Inamisha kichwa."

Saa nane mchana ukumbi ulijaa. Wafadhili saba walikaa kwenye mito, magoti yanawauma, soksi zao zimepangwa mlangoni kama samaki wasionunuliwa. Mkubwa wao, mzee mmoja mnene, alikuwa ameshaanza kusinzia, na walimsifu kwa hilo.

Mpimaji akamnong'oneza msusi, "Kichwa tayari?"

"Tayari."

Basi. Hakuuliza zaidi. Kijana aliyejua mawimbi ya ubongo ya dunia nzima hakuweza kutofautisha nywele na nailoni hata ungemwekea chini ya pua.

Lakini Mlezi aliweza. Alikuja na maikrofoni mkononi, akamwekea Binti Radi kiganja kichwani ili ambariki mbele ya wageni, na kiganja kikasimama. Vidole vikabonyeza, vikasikia wavu. Vikasikia uzi. Polepole Mlezi aligeuza uso, akamtafuta msusi, akamkuta amesimama karibu na ndoo.

Dada Kitana aliutazama tu ukingo wa paji la Mlezi, pale penye gundi, kwa utulivu, kama anayekadiria kazi itachukua saa ngapi.

Kusema "hizi si nywele zake" mbele ya wageni ilikuwa kualika swali linalofuata. Mlezi alimeza mate. Watu wote walisikia, maikrofoni ilikuwa wazi.

"Tuanze," alisema.

Kofia ikavalishwa. Projekta ikawaka. Mstari ukatokea ukutani, na ulikuwa laini. Laini, mtakatifu, unateleza kama mafuta, na mafuta ndiyo yalikuwa yenyewe.

Mpimaji alitoa macho. "Hakuna radi," alisema. Kisha, kwa kuwa mpumbavu mwaminifu ndiye hatari kuliko wote, akaongeza kwa sauti kubwa, "Ni utulivu! Utulivu kuliko... jamani, kuliko wa Mlezi!"

Mzee mnene akazinduka. "Kumbe mwanafunzi amempita mwalimu?" Wenzake wakapiga makofi.

Uso wa Mlezi ulipita rangi kadhaa ambazo hakuna aliyemwuliza ni zipi. "Radi imehama," alisema mwishowe. "Kipaji hiki kilikuwa mgeni tu. Leo taa haitahitajika. Karibuni juisi."

Kitinda alibaki kwenye kiti amevaa kofia, anautazama mstari wake. Hakuna aliyemletea juisi.

Walipofika nyumbani Dada Kitana akafunga mlango, akamwambia yote, moja baada ya jingine: mafuta, nailoni, wigi ya Mlezi, taa. Alitegemea kelele. Kitinda alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulinizima," alisema.

"Nilikuokoa."

"Kule nilikuwa Binti Radi. Hapa mimi nani? Mtu wa kufichwa visu jikoni. Mtu wa kugongewa mlango wa bafu, we Kitinda, uko sawa? Hata wale matapeli walinigusa bila kunawa baadaye, dada. Hata wale."

Kwa kuwa ndoo alizimwaga yeye, Dada Kitana alijua pale palivyo. Lakini hakuwa amefikiria kwamba mahali pachafu kiasi kile pangeweza kuwa mahali pekee mtu alipowahi kukaa mbele. Hilo lilimchefua kuliko mba zote, na sehemu ya kichefuchefu ilikuwa yake mwenyewe.

Kitinda hakumeza dawa Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Dada yake alilala sakafuni mlangoni kwake, akisikiliza.

Jumatatu Kitinda alirudi Taasisi peke yake, na kichwa chake bado kimeshonwa. Alimwomba Mlezi ampime upya. Angefumua kila kitu, angekuja na ngozi tupu, radi ingeonekana. Mlezi hakumruhusu hata kuvua viatu. Kichwa kilichopita kwenye mikono ya yule msusi hakukitaka ndani tena, kipimwe kisipimwe. "Nenda ukawepo kwingine, mwanangu," alimwambia, akamfungia mlango taratibu, kwa upole, kama wanavyofunga kila kitu pale. Mlango ulikuwa haujakaza, na Kitinda akauona mto wake wa mbele. Ulikaliwa na mwanamume mmoja aliyekuwa analia kwa jicho moja tu, na watu wanamgusa mabega.

Dada Kitana, ambaye kazi yake nayo iliishia siku ile ile, alimkuta chumbani anakata nyuzi kwa mkasi wa kukatia karatasi. Anakata ovyo, nailoni inaanguka na nywele zake halisi pamoja, mafuta yanamtiririka masikioni.

"Ngoja nikufumue, utajiharibu."

"Usiniguse kichwa."

"Unakata mpaka ngozi, we mtoto!"

"Ni ngozi yangu."

Dada Kitana akakaa kitandani, mikono chini ya mapaja ili isijitume. Kazi mbaya kuliko ile hakuwahi kuiona. Kitinda alipomaliza, kichwa kilikuwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Alijifuta mafuta kwa shuka, kwa makusudi, shuka safi. Halafu akainua godoro, akachukua kidonge kwenye karatasi ya fotokopi, akakitia mdomoni bila maji na kukitafuna. Ni vichungu sana vile vidonge. Alikunja uso wote.

"Usifurahi," alisema. "Kesho nina kopi mia nne za watu wa mahakama. Nameza kwa sababu ya hizo, si kwa sababu yako."

"Sawa."

"Na usinigongee bafuni."

"Sawa."

"Sema tena."

"Sitakugongea," alisema Dada Kitana, na jioni ile, maji yalipomwagika bafuni muda mrefu kuliko kawaida, alisimama nje ya mlango, ngumi imeinuliwa, akahesabu mpaka mia mbili, na hakugonga.